Msimu Tuliokaanga Mbegu kwa Ajili ya Baba

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini alinipa kipakiti cha mbegu za maboga. Kipakiti kizuri, cha kung'aa, kimechorwa jani la kijani na mwanamke mwembamba anayekimbia. Nilikichana kwa hamu, nikakisogeza puani kabla ya mdomoni kama nifanyavyo siku zote, na hakikunukia kitu. Zilikuwa mbegu safi, za ukubwa mmoja, zimekauka sawasawa, lakini zilinukia karatasi. Nikatafuna tatu nne kwa heshima ya aliyenipa, nikamshukuru, nikarudi mezani kwangu, na hapo ndipo ile harufu iliyokosekana ilipokuja yenyewe: ganda la mbegu linapoanza kuungua pembeni, mkaa uliovaa majivu, mwiko wa mti uliozoea moto, na nyuma ya yote hayo rangi ya mafuta na tapentaini kwenye shati la baba. Nikakaa naitazama kompyuta bila kusoma chochote. Mwili ulikuwa ofisini, mwenyewe nilikuwa Bombambili, Songea, nina miaka saba.

Baba alikuwa mwandika mabango. Kibanda chake kilikuwa Majengo, na ukipita mitaa ile miaka hiyo, nusu ya saluni, bucha na mashine za kusaga ulizoziona ziliandikwa kwa mkono wake, herufi nene zenye kivuli upande mmoja. Kila asubuhi alipanda baiskeli na mfuko wa brashi mgongoni, na kila jioni alirudi na madoa mapya kwenye shati. Alikuwa mtu wa vitu vitamu. Wenye maduka walimpenda, na walimwonyesha mapenzi yao kwa soda. Akimaliza herufi ya kwanza, soda. Akimaliza bango, soda na visheti. Chai ya nyumbani aliiwekea vijiko vitano, akaonja, kisha akaongeza cha sita kwa usalama.

Mimi jina langu la ubatizo ni Editha, ila halikutumiwa na mtu zaidi ya padri na mwalimu. Baba aliniita Sukari. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka jinsi sukari ilivyokuwa ikipotea madukani ghafla, ikaonekana duka moja, na habari zikaenea mtaa mzima kama moto. Nilizaliwa siku kama hiyo. Baba alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, mtu akaja kumwambia mkewe amejifungua, na baba hakutoka kwenye foleni. Alipofika wodini saa nane mchana alikuwa amekumbatia kilo moja ya sukari kama mtoto, naye mama amemfunga mtoto kama kilo ya sukari, na jina likapatikana hapo hapo. Ile foleni mama hakuisamehe, lakini jina alilipenda, na mtaa mzima ukamwita Mama Sukari.

Basi ulifika mwaka ambao baba alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Alimaliza mtungi, akaamka, akaulizia mwingine. Suruali zake zikaanza kumtoka, akaongeza tundu kwenye mkanda kwa msumari. Kisha kopo la rangi likamkwaruza kwenye kifundo cha mguu, mkwaruzo mdogo ambao mimi ningeulamba ukapona, lakini wa baba ulikaa pale pale wiki baada ya wiki, umelowa. Mama akampeleka hospitali. Walirudi. Baba aliingia ndani akalala mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na mama akaenda kusimama kwenye ua wa matete uliotutenganisha na Bi Sharifa.

Bi Sharifa alikuwa mama wa Kiyao, mtu wa Tunduru, mjane aliyehamia Bombambili kumfuata binti yake aliyeolewa huku. Kaka zake walikuwa na mikorosho, na kila msimu basi la Tunduru lilimletea gunia. Sisi tulikuwa Wakatoliki na yeye Mwislamu, na kati ya nyumba zetu mbili sikukuu hazikuisha. Siku ile mimi nilikuwa nimejikunyata nyuma ya banda la kuku natafuta mayai, kwa hiyo hawakuniona, nami nilisikia kila neno.

"Shikamoo, Bi Sharifa."

"Marahaba, Mama Sukari. Wamesemaje huko hospitali?"

"Ni sukari."

"Sukari?"

"Sukari tupu. Daktari kaniambia wazi kwamba kama nampenda mume wangu, nimtenganishe na sukari."

"La haula! Na anavyopenda!"

"Ndiyo kazi iliyopo. Tangu tuoane sijaona mtu anayependa sukari kama yule. Asubuhi sukari, jioni sukari."

"Basi iondoe humo ndani, mwanangu," Bi Sharifa akasema, sauti yake imeshuka. "Usiangalie huruma. Mimi marehemu wangu nilimwonea huruma, leo yuko wapi?"

"Nitaiondoa. Kidogo kidogo, asije akashtuka."

Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari angenicheka. Angekuwa mtu wangesema "mwondoe", wasingesema "iondoe". Lakini mtoto mwenye hofu hana ngeli. Nilichokisikia nyuma ya lile banda ni kwamba baba anakufa, anayemuua ni mimi, na mama amekwisha kubali kunitoa nyumbani, tena kwa utaratibu. Nilikuwa na yai mkononi, bado la moto. Nikalirudisha kwa kuku.

Sikumchukia mama. Ndilo jambo linalonishangaza hadi leo ninapomkumbuka yule mtoto. Nililiona jambo lenyewe kuwa la haki. Kama mimi ndiye ugonjwa, basi nitoke. Nilichoomba, kwa magoti mbele ya picha ya Bikira Maria pale sebuleni, ni kwamba nipelekwe kwa Bi Sharifa na sio mbali zaidi, ili niweze kumwona baba kupitia kwenye matete.

Jioni baba aliamka, akatoka kwenda kukaa kibarazani, akaniita. Desturi yetu ilikuwa nipande mapajani mwake, nimkwangue madoa ya rangi kwenye vidole kwa kucha. Nikasimama kwenye mlango wa jiko, upande wa pili wa uwanja.

"Sukari, njoo."

"Nipo hapa, baba."

"Sogea basi."

"Nakusikia hapa hapa."

Akacheka, akidhani ni mchezo. Kesho yake akacheka kidogo. Siku ya tatu hakucheka. Alianza tena kwenda kazini siku zile mguu ulipomruhusu, na akirudi alipiga kengele ya baiskeli kule kona, kama zamani, ile ya kuniita nikimbie nipande kwenye bomba la mbele nikamilishe naye safari. Nilikuwa nikiisikia nazama uvunguni mwa kitanda, nikiziba masikio kwa viganja viwili. Mama, kwa upande wake, alimpa Bi Sharifa kopo letu la sukari, lote, na mfuniko wake. Nikajua kazi imeanza. Kidogo kidogo: kwanza kopo, halafu mimi. Alipofua magauni yangu yote siku moja na kuyakunja, nililala nimeshikilia mguu wa kitanda.

Nesi alikuwa amemwelekeza mama kwamba, pamoja na vidonge, baba aache soda na visheti, na njaa ya katikati ya mchana ikimbana atafune konzi moja ya karanga au mbegu, zisizo na chumvi wala sukari, zilizokaangwa nyumbani bila mafuta. Ulikuwa mwanzo wa miezi ya baridi, ule upepo wa milima ya Matogoro umeanza kushuka, maboga yamejaa sokoni na karanga mpya zimetoka shamba. Kwa hiyo mama akaanza. Alipasua boga, akachota mbegu na utelezi wake wote, akazitupa kwenye kikaango cha udongo juu ya moto mkali. Nusu saa baadaye alimletea baba sahani ya vitu vyeusi.

Baba akachukua kimoja, akakitafuna polepole, akakitazama kilichobaki.

"Mama Sukari, hiki chakula cha kuku."

"Kuku hawana sukari," mama akajibu.

Bi Sharifa ndiye aliyetuokoa. Alisikia harufu ya kuungua ikivuka ua, akaja mwenyewe, amejifunga kanga kiunoni. Akatuonyesha kuziosha mbegu kwa maji na majivu hadi utelezi utoke, kuzianika kwenye ungo zikauke hadi zilie zikitikiswa, na kuacha mkaa ufunikwe na majivu kabla ya kuweka kikaango. Karanga alizikaanga ndani ya mchanga wa mtoni uliochekechwa na kuoshwa, mchanga ukishika moto unazipikia karanga pande zote, kisha zinachekechwa, mchanga unarudi kwenye kopo lake, karanga zinabaki na ngozi nyekundu isiyo na doa. Ufuta ulitaka kukorogwa bila kupumzika. Mbegu za maboga zilitaka kusikilizwa.

"Njoo hapa, mwanache," aliniambia, kwa Kiyao chake cha kuita mtoto. "Weka sikio. Zinasema nini?"

"Zinapasuka."

"Nyingi au moja moja?"

"Moja moja."

"Bado. Zikianza kupasuka kama mvua ya juu ya bati, hesabu pumzi tano, epua. Ukingoja ya sita, umempa kuku."

Nilizama kwenye kazi ile kwa nguvu zangu zote. Niliosha, nilianika, nilifukuza kuku kwenye ungo, nilikoroga hadi mkono ukafa ganzi. Mama alijisifu kwa majirani kwamba binti yake amekuwa mtu mzima ghafla. Hakujua hesabu yangu. Mimi nilikatazwa kumkaribia baba, lakini mbegu nilizozikoroga ziliruhusiwa, zingeingia mfukoni mwake, zingekwenda naye Majengo, zingekaa naye siku nzima. Nilikuwa nazinong'oneza kabla ya kuzifunga. Nilizituma zimpelekee salamu.

Naye baba, masikini, alikuwa akitafuta njia ya kunirudisha. Alidhani nimenuna kwa sababu haniletei tena visheti. Jumapili moja baada ya misa alijifungia na brashi zake nyuma ya nyumba, akatoka na kopo kubwa la maziwa ya unga lililopakwa rangi nyeupe, maua ya njano yamelizunguka, na katikati, kwa zile herufi zake nene zenye kivuli, ameandika SUKARI.

"La kuwekea mbegu zako," akasema, amelinyoosha kwa mikono miwili. "Fundi wangu wa mbegu lazima awe na bango lake."

Ndugu zangu, nilipiga kelele. Sumu inayomuua baba, ameiandika kwa mkono wake, ameizungushia maua, na anataka ikae mezani! Nikalipokonya lile kopo, nikakimbia nalo, nikalisukuma chini ya banda la kuku mahali pasipofikiwa hata na ufagio. Niliporudi baba alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imenyooka kidogo, kama mtu aliyesahau kuishusha. Akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Haya, mama. Basi." Akaingia ndani. 

Na pamoja na yote hayo, hakupona. Kidonda kilikuwa kile kile. Hospitali walipima tena, wakatikisa kichwa, wakaongeza vidonge. Mama alihesabu konzi za karanga, akahesabu vijiko vya uji, asielewe. Mimi nilielewa vizuri sana. Kukaa upande wa pili wa uwanja hakukutosha, na mbegu za maboga zilikuwa dawa ndogo. Nilikuwa nimemsikia Bi Sharifa akisema mara nyingi kwamba karanga ni karanga na ufuta ni ufuta, lakini korosho ndiyo mwenyewe, korosho inafika mpaka moyoni. Na siku ile jikoni kwetu palikuwa na kikapu cha korosho mbichi zenye maganda yake, alizotuletea kutoka kwenye gunia lake la msimu uliopita, akisema atakuja Jumamosi kutukaangia.

Nilikuwa nimeona anavyokaanga kwake. Alifanya kazi hiyo nje, nyuma kabisa ya nyumba, juu ya kipande cha bati alichokitoboa matundu kwa msumari, na sisi watoto tulifukuzwa hadi barabarani. Ganda la korosho lina mafuta yanayochubua ngozi. Yakipata moto yanatoa moshi mkali na kushika miali, na yeye huuzima kwa mchanga, kisha hujipaka majivu mikononi kabla ya kubangua. Nilikuwa nimeona yote hayo kwa mbali, na kwa mbali kazi ilionekana rahisi.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Mama alikwenda sokoni. Baba alikuwa hakwenda kazini, amelala mkekani nyuma ya nyumba, mguu wake umewekwa juu ya kigoda. Nikaingia kwenye kibanda cha jiko, nikafunga mlango ili asinione, nikapuliza mkaa, nikamimina korosho kwenye kikaango cha mama. Kwa muda hazikufanya chochote. Nikaokota moja, nikaling'ata ganda nione kama zimeiva. Mdomo wangu ukashika moto. Nikaitema, nikafuta midomo kwa vidole, vidole navyo vikaanza kuwaka, na wakati huo huo korosho zikaanza kutoa jasho jeusi, zikachemka, na miali ikaruka kutoka kwenye kikaango hadi usawa wa uso wangu. Moshi ukajaa kibanda kizima. Sikuuona mlango. Nikakaa chini pembeni, nikafumba macho, nikaita mama, kisha mtu niliyekuwa sitakiwi kumwita.

Mlango ukapigwa teke. Nikaona kwa chini miguu ya baba, mmoja wa ndala, mwingine wa bandeji. Akaninyanyua kama furushi.

"Usinishike!" nilipiga mayowe, nikimsukuma kifuani. "Baba, niache, usinishike, utakufa!"

Hakuniacha hadi tulipofika kwenye ndoo ya maji. Akaninawisha uso, mdomo, vidole, akinawisha tena na tena kwa sabuni, naye anahema. Kisha akaniuliza, "Nani atakufa?"

"Wewe. Daktari kasema. Na mama ataniondoa, kidogo kidogo, usije ukashtuka."

"Akuondoe wewe? Kwa nini akuondoe?"

"Kwa sababu mimi ndiye sukari."

Nilimwona akilirudia lile neno kwa midomo, bila sauti. Alitazama upande wa ua wa Bi Sharifa, akatazama lile banda la kuku, akanitazama mimi. Halafu akakaa chini kwenye matope ya maji niliyonawia, mguu mbovu umenyooka mbele. Kwanza alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kutikisa mabega, na nilianza kukasirika, mpaka nilipoona machozi yanafika kidevuni na kicheko hakipo tena.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu umelibeba hilo peke yako?"

"Sikumwambia mtu."

"Sikiliza, mwanangu. Kuna sukari ya kwenye kopo. Hiyo ndiyo inayoniumiza, na hiyo ndiyo mama ameiondoa. Wewe ni mtu. Jina tu ndilo tulilifananisha, na kosa hilo ni langu na la ile foleni."

"Kwa hiyo nikikushika hufi?"

"Jaribu."

Nilimgusa bega kwa kidole kimoja, kilichovimba. Tukangoja. Hakufa. Nikamrukia shingoni kwa nguvu hata tukaanguka wote wawili kwenye matope, na hapo ndipo Bi Sharifa alipotokeza kwenye ua, kanga imefunika pua, anafoka, "Nani anachoma korosho ndani ya nyumba? Mnataka kutuua mtaa mzima?"  Alikwenda kuuzima moto kwa mchanga, akarudi, akanipaka mafuta ya ufuta midomoni, na alipoelezwa yote alikaa kwenye kigoda akajipiga paja. "Astaghfirullah! Kumbe mimi ndiye niliyesema uondolewe bila huruma!"

Mama aliporudi na kikapu chake, alikuta jiko jeusi, kikaango kimepasuka, mtoto ana midomo kama ya bata, na watu wazima wawili wanalia na kucheka kwa zamu. Baba alimweleza.  Mama aliweka kikapu chini, akanichukua, akanikalisha mapajani, jambo ambalo nilikuwa mkubwa mno kufanyiwa, akaanza kunisuka nywele zangu zilizojaa moshi. Mistari ilitoka imepinda.

Kumbe baba naye alikuwa na lake. Aliinuka, akachechemea ndani, akarudi na kopo la rangi kutoka kwenye mfuko wake wa kazi. Akafungua mfuniko. Ndani hamkuwa na rangi. Mlikuwa na chupa ya soda, imezungushiwa kitambaa isigonge.

"Kila siku," akamwambia mama, bila kumtazama. "Mbili, siku nyingine tatu. Mbegu zenu nilikuwa nawagawia wateja."

Moyo wangu ulipasuka kidogo hapo, kwa zile salamu zangu zote zilizoliwa na wenye bucha. 

"Mtoto amejitenga na mimi wiki tatu ili nipone," baba akasema, "na mimi nimeshindwa kujitenga na chupa."

Mama aliichukua ile soda akaimwaga kwenye shina la mgomba. Hakugomba. Alisema tu, "Kesho nunua kikaango kingine," na kwa nyumba yetu hiyo ilikuwa ndiyo hukumu na msamaha kwa pamoja.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa harufu. Baba alinunua kikaango, tena kikubwa, na jioni akishuka kwenye baiskeli alinawa mikono akaja kukaa jikoni nasi, kipepeo cha kuchochea mkaa mkononi. Mama alipima, mimi nilisikiliza, baba alipepea na kuzungumza. Alizungumza kupita kiasi hata nikawa nakosa hesabu ya pumzi. Tulijaribu kila kitu. Mbegu za alizeti, ambazo maganda yake yaliwatoa watu wote jasho. Soya iliyolowekwa na kukaushwa, ambayo baba alisema inafanana na kutafuna vifungo vya shati. Mbegu za tikiti. Korosho za Bi Sharifa, alizotukaangia mwenyewe, nje, huku mimi nimewekwa barabarani na ulinzi wa majirani. Mama akagundua kwamba ukinyunyiza maji ya ndimu na pilipili kidogo kwenye karanga dakika ya mwisho, hakuna atakayeulizia chumvi. Baba aliimeza konzi yake ya saa nne na konzi yake ya saa kumi kama mtu anayekula kiapo, na vidonge vyake hakuviruka. Kidonda kikaanza kukauka pembeni. Siku moja nikakitazama kikawa mstari tu, mweupe, kama chaki.

Basi tukaenda kliniki, sote watatu, kwa sababu baba alisema timu haigawanyiki. Ilikuwa Jumanne, mabenchi yamejaa wazee na akina mama, kila mmoja na karatasi yake. Nesi, mama mnene mwenye miwani, alimchoma baba kidole, akatazama kile kipimo, akakitikisa, akatazama tena.

"Wewe ndiye yule wa juzi? Umefanya nini?"

"Nimeacha utundu," baba akasema, na akatoa mfukoni mfuko wa karanga na mbegu zilizochanganywa, akamwonjesha. Nesi akatafuna, akanyoosha mkono tena. Mama mmoja wa benchi la mbele akauliza ni nini hicho, akapewa. Mfuko ukapita benchi hadi benchi, ukarudi mtupu. Maswali yakaanza. Zinakaangwaje? Mbona hazina mafuta? Mbona zangu huungua nje na ndani mbichi?

"Mimi najua kupepea tu," baba akasema. "Mwulizeni mwenyewe huyo."

Mama yangu hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Hata kwenye sala za jumuiya alikaa karibu na mlango. Nilimwona akishika pindo la kitenge chake, akitazama chini, na nilidhani atakimbia. Kisha akainuka. Alianza kwa sauti ndogo hata watu wa nyuma wakalalamika, akaipandisha. Akaeleza majivu, ungo, mchanga, moto. Akaiga mvua ya juu ya bati kwa mdomo wake, akahesabu pumzi tano, na benchi zote zikahesabu naye. Nesi aliegemea mlangoni, kalamu sikioni, akasahau kuita mgonjwa mwingine.

Alipomaliza, mzee mmoja aliyekaa pembeni, amevaa koti kubwa na kofia ya sufu, akainua fimbo yake.

"Shikamoo, babu," mama akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umetufundisha vizuri. Sasa mimi," na hapo akafunua mdomo wote, wa waridi, usio na jino hata moja, "mimi nitatafuna na nini?"

Watu wakacheka, yeye akiwa wa kwanza. Mama hakucheka. Alifikiri, kidole kimewekwa shavuni, kama alivyofanya jikoni akipima.

"Wewe, babu, utatwangiwa. Jumanne ijayo njoo."

Jumanne iliyofuata tuliondoka Bombambili asubuhi na mapema, baridi inauma masikio. Baba alisukuma baiskeli iliyofungwa jiko, kinu na kiroba cha mkaa, mama alijitwika kikaango na ungo, na mimi nilibeba mchi, kwa sababu kinu kilinishinda. Tulipokata kona ya kliniki, milango ilikuwa bado imefungwa na nesi hajafika. Benchi la kwanza lilikuwa na mtu mmoja tu. Ni yule mzee, koti lake limefungwa hadi shingoni, na mkononi ameshika kijiko alichokuja nacho kutoka nyumbani.